Anwani ya Wimbo, Anwani ya Mtu: Mchezo wa Majina ya Nyimbo katika Salamu za Redio, kwa Mtazamo wa Chekalini

1.0 Utangulizi

Neno "anwani" lina maana mbili katika Kiswahili sanifu. Maana ya kwanza ni maelezo ya mahali anapopatikana mtu: jina lake, sanduku lake la posta na mji wake. Maana ya pili ni jina la kitabu, la shairi au la makala. Karani wa posta huitumia ya kwanza, mhakiki wa fasihi huitumia ya pili, na kwa kawaida kila mmoja hana haja na ya mwenzake. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa walikuwapo watumiaji wa lugha waliozikutanisha maana hizo mbili katika karatasi moja ndogo. Hao ni watuma salamu wa redio. Katika kadi zao waliandika anwani za watu, na papo hapo wakaandika anwani ya wimbo. Na aghalabu ilikuwa hii ya pili iliyobeba ujumbe wenyewe.

Makala haya yanaichunguza historia ya mchezo uliozaliwa katika makutano hayo. Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Mpenzi wa muziki hutaja jina la wimbo, na mwenzake hulijibu kwa jina la wimbo mwingine linalooana nalo, linalolipinga au linalolikamilisha. Mchezo huu huchezeka barazani, dukani penye redio, au safarini. Na huchezeka pia kwa njia ya redio yenyewe, ambapo wimbo ulioombwa leo unaweza kuwa jawabu la wimbo ulioombwa juzi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jina la wimbo, likisha kung'olewa katika wimbo wake na kuwekwa kando ya jina la mtu au ya jina la wimbo mwingine, huwa ni matini fupi yenye kanuni zake, iliyo jamaa ya kitendawili na ya jina la kanga. Uhakiki ulioshughulikia maneno ya nyimbo peke yake umeipita matini hiyo njiani bila ya kuiamkia.

Mtazamo unaochukuliwa ni wa Chekalini, katika eneo la Lugari, Kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya. Uchaguzi huu una sababu. Historia ya nyimbo za Kiswahili huandikwa kwa kawaida kutoka mahali zinakotungwa na kurekodiwa: Unguja, Mombasa, Dar es Salaam, Nairobi. Mchezo wa majina ya nyimbo, kwa upande wake, ni sanaa ya wasikilizaji, na msikilizaji hupatikana kule mawimbi ya redio yanakofikia, si kule yanakoanzia. Anayetaka kuielewa sanaa hiyo hana budi asimame upande wa pili wa redio.

2.0 Mizizi: Jina Lisemalo

Kabla ya redio, Waswahili walikuwa wamekwisha kuwa na mazoea ya kusema kwa maneno yaliyotungwa na wengine. Mfano ulio wazi zaidi ni kanga. Maneno yaliyochapwa juu ya kanga huitwa "jina", ingawa kwa umbo huwa ni methali, msemo au sentensi kamili. Mwanamke anayejifunga kanga yenye jina fulani na kupita mbele ya mlango wa mtu huwa amesema bila ya kufungua kinywa. Akiulizwa, anaweza kujibu kwamba alipenda rangi zake tu. Aliyesemwa naye, kama ana la kujibu, hutafuta kanga yake. Rose Marie Beck, katika uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 2001, ameonyesha jinsi nguvu ya mawasiliano hayo inavyotokana na uwezekano wa kukana. Msemaji yupo, lakini hawezi kushikwa.

Mfano wa pili ni kutunza katika taarab. Mshabiki huinuka, huelekea jukwaani kwa mwendo wa kucheza, na humpa mwimbaji fedha ubeti maalumu unapoimbwa. Kama alivyoeleza Kelly Askew (2002), kitendo hicho kinaweza kuwa sifa kwa mwimbaji, na kinaweza pia kuwa mshale kwa mtu aliyeketi katika ukumbi huo huo. Mtunzaji hakutunga hata neno moja. Ameuchagua ubeti, na kwa kuuchagua ameufanya wake. Hapa pana kanuni muhimu kwa hoja ya makala haya: wimbo una mwenyewe aliyeutunga, lakini pia una wenyewe wanaouchagua, na hawa wa pili hutofautiana kila unapopigwa.

Mfano wa tatu ni kujibizana kwa washairi. Mombasa ya Muyaka bin Haji (1776–1840) iliujua ushairi kuwa ni hoja inayotarajia jawabu, na tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, desturi hiyo iliingia katika kurasa za magazeti, ambamo shairi la mtu wa wilaya moja liliweza kujibiwa na mtu wa wilaya nyingine wasiyepata kuonana. Ann Biersteker (1996) ameifanya dhana ya kujibizana kuwa ufunguo wa kuusoma ushairi wa Kiswahili wa karne mbili. Ufunguo huo unafungua pia mlango wa salamu za redio, ingawa kwa tofauti moja: katika magazeti mjibu sharti atunge, na katika salamu hutosha achague.

Mwisho ni kitendawili. Mwenye kutega husema neno lake, na aliyeshindwa hutakiwa kutoa mji. Katika mchezo huo jina la mahali ni fidia: asiyejua maana hulipa kwa mji, na mtegaji akisha kupewa mji hujigamba kidogo kuhusu safari yake huko kabla ya kutoa jibu. Itaonekana baadaye kwamba katika salamu za redio jina la mahali lilipata kazi nyingine, lakini halikuacha kuwa sehemu ya mchezo.

3.0 Redio na Makazi Mapya

Utangazaji wa redio nchini Kenya ulianza mwaka 1928, kwa Kiingereza na kwa ajili ya walowezi. Vipindi vya Waafrika vilianza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ili jamaa za askari wapate habari za watu wao walio vitani. Inafaa jambo hili lizingatiwe: tangu mwanzo, kwa msikilizaji Mwafrika, redio ilikuwa chombo cha kuulizia aliye mbali. Mwaka 1953 iliundwa idhaa ya Waafrika iliyotangaza kwa Kiswahili, Kiluhya, Dholuo, Kikuyu, Kinandi, Kikamba na Kiarabu, na katika muongo huo huo vilianzishwa vituo vya Mombasa, Nyeri na Kisumu. Mwaka 1964 shirika la utangazaji lilitaifishwa na kuitwa Sauti ya Kenya. Mwaka 1989 lilirudishiwa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC.

Miaka hiyo hiyo ndiyo iliyoizaa Chekalini kama ijulikanavyo. Eneo la Lugari lilikuwa sehemu ya ardhi iliyotengewa walowezi wa Kizungu. Chini ya mipango ya makazi ya miaka ya 1960, mashamba makubwa yalikatwa na kugawiwa Waafrika, na Chekalini ikawa moja ya skimu hizo pamoja na Lugari, Lumakanda na Mautuma. Walowezi wapya walikuja kutoka sehemu mbalimbali za Uluhya, kila kundi na lahaja yake, na ng'ambo ya mpaka, upande wa Turbo na Nandi, walikuwapo majirani wasemao lugha za Kikalenjin. Kijiji cha skimu hakikufanana na kijiji cha asili. Jirani hakuwa lazima awe ndugu, na ndugu hakuwa lazima awe karibu. Aliyehamia aliwaacha wengine Maragoli, Bunyore, Kisa au Kabras, na watoto wake walipokua walikwenda kutafuta kazi Eldoret, Webuye, Nairobi na Mombasa.

Katika mazingira ya namna hiyo salamu haikuwa anasa. Na salamu ya Kiswahili ilikuwa na faida ambayo salamu ya lahaja haikuwa nayo: iliweza kusikiwa na kueleweka na wote waliokuwa karibu na redio, akiwamo asiyehusika. Hapo ndipo mchezo unapopata hadhira yake. Fumbo halina ladha kama hakuna wa tatu anayelisikia na kujiuliza linamhusu nani.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili cha nyimbo kilifika sehemu hizo kama mgeni. Magharibi mwa Kenya ilikwisha kutoa watunzi wake wa Kiswahili. George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963 na ambaye jina lake haliachani na mtindo wa gitaa uitwao omutibo, aliimba kwa Kiswahili pamoja na lugha ya kwao. Daudi Kabaka (1939–2001), Mluhya aliyezaliwa Uganda, alivuma Nairobi katika miaka ya 1960 kwa nyimbo kama "Msichana wa Elimu" na "Helule Helule". Msikilizaji wa Lugari aliyeomba wimbo wa Kabaka alikuwa anaomba sauti ya nyumbani katika lugha ya taifa.

4.0 Umbo la Kadi

Kadi ya salamu ilichapishwa kwa kazi hiyo na kuuzwa madukani. Mpangilio wake ulikuwa na sehemu nne: jina la mtuma na mahali alipo, majina ya wanaosalimiwa, mara nyingi pamoja na mahali walipo, neno fupi la wosia au mzaha, na wimbo unaoombwa. Mtangazaji aliisoma hewani, kisha, kama bahati ilikuwapo, wimbo ukapigwa.

Mhakiki anayeitazama kadi hii kama matini ataona mambo mawili. Kwanza, sehemu zake hazina uzito sawa. Majina ya watu ni marefu kwa jumla lakini hayasemi jambo. Wosia husema jambo, lakini kwa maneno yaliyozoeleka. Jina la wimbo ni fupi kupita yote, nalo ndilo lililo huru zaidi. Pili, kadi ni matini ya watu wengi kabla haijafika kwa msikilizaji. Mtuma ameandika, mtunzi wa wimbo amelitoa jina, mtangazaji amelitamka kwa lafudhi na mkazo wake. Dhana ya fanani mmoja mbele ya hadhira yake, iliyozoeleka katika maelezo ya fasihi simulizi, haitoshi hapa. Katika makala yake maarufu ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, M. M. Mulokozi alisisitiza kwamba utanzu hauainishwi kwa umbo lake tu bali pia kwa muktadha na namna ya kuwasilishwa kwake. Kwa kigezo hicho, salamu ya redio inastahili kuangaliwa kama tukio la kisanaa, si kama tangazo tu.

Jambo jingine la umbo linahusu posta. Wengi waliokaa mashambani hawakuwa na sanduku lao wenyewe. Barua zao zilipitia shuleni, kanisani au dukani, na juu ya bahasha yakaandikwa maneno "kwa kupitia". Mtu alikuwa na anwani, lakini anwani hiyo ilikuwa ya kuazima. Salamu ya redio ilifuata mantiki hiyo hiyo katika ngazi ya maana. Mtuma alikuwa na la kusema, lakini alilipitisha katika jina lililo la mwingine. Wimbo ulikuwa "kwa kupitia" ya moyo.

5.0 Sarufi ya Majina ya Nyimbo

Gérard Genette, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu vizingiti vya matini, ametofautisha hadhira ya matini na hadhira ya jina lake. Matini husomwa na wasomaji. Jina huzungushwa pia na watu wasioisoma kabisa. Kauli hiyo inaafiki kabisa hali ya santuri ndogo za Afrika ya Mashariki. Jina lilichapwa juu ya kibandiko cha santuri. Likasomwa hewani kabla ya wimbo na baada yake. Likatajwa dukani na anayeuliza na anayeuza. Nyimbo ndefu za dansi aghalabu ziligawanywa pande mbili za santuri, sehemu ya kwanza na ya pili, na mara nyingine redio ilipiga upande mmoja tu. Jina, kinyume chake, halikukatwa kamwe.

Kwa kufuata umbo la kisarufi, majina yanayofaa kwa mchezo huu yanaweza kugawanywa makundi manne.

Kundi la kwanza ni majina yenye nafsi ya kwanza. Mfano bora ni "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978. Wimbo wenyewe unahusu mzozo wa mapenzi, na mwimbaji anajitetea mbele ya mtu anayemchukia. Lakini jina halina mzozo wowote ndani yake. Lina kiambishi cha nafsi na ukanushi tu. Nafsi hiyo ni kiti kitupu: anayeuomba wimbo ndiye anayekikalia. Kijana aliyegombana na baba yake, mfanyakazi aliyefukuzwa, mke aliyesingiziwa, wote wanaweza kusema "Sina Makosa" bila ya kuhusika na mzozo wa mapenzi wa wimbo.

Kundi la pili ni majina yenye nafsi ya pili. "Shauri Yako", wimbo uliovuma kwa Orchestra Super Mazembe, bendi iliyotoka Kongo na kuhamia Nairobi katika miaka ya 1970, ni mfano wake. Hapa kiti kitupu ni cha anayesikia. "Yako" humtafuta mtu wa kumshika. Likitanguliwa na orodha ya watu sita wanaosalimiwa, jina hili huzusha swali: ni shauri la nani kati ya sita hao? "Bwana Nipe Pesa" ya bendi hiyo hiyo ina nafsi zote mbili, ya anayeomba na ya anayeombwa, na kwa sababu hiyo inaweza kutumika pande mbili: kumtania mkopaji au kumkumbusha mdaiwa.

Kundi la tatu ni nomino za hali, kama "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa Tanzania aliyefariki kwa ajali ya gari mwezi wa Januari 1979 nchini Kenya. Jina la namna hii halimtaji mtu, bali hutandika mkeka ambao majina mengine yataketi.

Kundi la nne ni majina ya watu: "Zuwena" na "Georgina" za Marijani Rajabu, "Kasongo" ya Super Mazembe. Haya ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa huenda akapatikana mtaani mtu mwenye jina hilo. Msichana aitwaye Georgina hana namna ya kuuzuia wimbo usiombwe, wala hana namna ya kuthibitisha kwamba umeombwa kwa ajili yake.

Kanuni za makundi haya huonekana vizuri zaidi majina yanapofuatana. Na zichukuliwe nyimbo nne zilizokwisha kutajwa, zipangwe hivi: "Shida", "Bwana Nipe Pesa", "Shauri Yako", "Sina Makosa". Mpango huu umetungwa hapa kwa ajili ya uchambuzi, lakini msikilizaji yeyote wa muziki wa miaka ya 1970 na 1980 angeuelewa mara moja. Pana mwenye dhiki, anaomba, ananyimwa, aliyemnyima anajitetea. Mchezo wa kuigiza wenye sehemu nne umekamilika kwa maneno manane, na hakuna hata wimbo mmoja kati ya minne unaosimulia kisa hicho. Kisa kimezaliwa katika nafasi zilizo baina ya majina. Sasa na ugeuzwe mwisho wake: "Sina Makosa" itangulie, kisha "Shauri Yako" ifuate. Mtetezi amekuwa ni mwombaji, na anajibiwa kwamba utetezi wake haumhusu mtu. Maneno ni yale yale. Mpangilio umebadilisha nani ana haki.

Hii ndiyo maana ya kuuita mchezo huu jamaa ya kitendawili. Katika kitendawili fumbo limo katika swali, na jibu ni kitu kimoja kinachojulikana. Katika mchezo wa majina fumbo limo katika kiungo kati ya swali na jibu, na mchezaji hodari ni yule ambaye jibu lake, likisha kutajwa, huonekana kana kwamba lilikuwa likisubiriwa siku zote. Ndiyo maana pia wimbo unaojulikana na wote una thamani kuliko wimbo wa nadra. Anayejibu kwa jina asilolijua mwingine amejionyesha kuwa na elimu, lakini ameua mchezo.

Yako pia majina yasiyo na maana kwa asiyejua lugha yake. "Helule Helule" iliimbwa na bendi ya Uingereza, The Tremeloes, na kuingia katika chati za huko mwaka 1968. Huko jina lilikuwa mlio mtamu tu. Lilisafiri bila ya anwani, kwa sababu hapakuwa na aliyelipeleka kwa mtu maalumu.

6.0 Mipaka ya Mchezo

Zipo hoja za kupinga zinazofaa kukabiliwa. Ya kwanza ni kwamba kadi nyingi hazikuwa na fumbo lolote. Mtu aliomba wimbo aupendao na kuwasalimu awapendao, basi. Hoja hii ni ya kweli, na haidhuru. Kanga nyingi pia hununuliwa kwa ajili ya rangi. Fumbo huhitaji mazingira ambamo matumizi yasiyo na fumbo ni mengi, kwani hayo ndiyo yanayompa mfumbaji mahali pa kujificha. Lau kila kadi ingalikuwa mshale, hakuna ambaye angethubutu kuandika.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mtuma salamu hakuwa na mamlaka juu ya redio. Kadi iliweza kuchelewa, wimbo ulioombwa uliweza kukosekana, na mtangazaji akapiga mwingine. Redio yenyewe ilikuwa chini ya dola. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliamriwa ipige zaidi muziki wa Kenya, amri ambayo haikudumu. Na katika kipindi hicho msikilizaji aliyezoea kuzungumza kwa majina ya nyimbo za Kongo alijikuta amepunguziwa msamiati. Lakini mipaka hiyo hiyo ilizaa aina yake ya sanaa. Wimbo uliopigwa badala ya ule ulioombwa ulipata maana ambayo hapana aliyeikusudia, na wasikilizaji hawakusita kuifasiri. Hapa uhakiki unaoshikilia nia ya mtunzi hauna la kusema, na uhakiki unaoanzia kwa msikilizaji una kazi kubwa ya kufanya.

Hoja ya tatu inahusu jinsia. Nyimbo za dansi zilitungwa na kuimbwa karibu zote na wanaume, na majina ya watu yanayotawala anwani zake ni ya wanawake. Mwanamke aliyeingia katika mchezo huu alikuta msamiati uliotengenezwa bila yeye. Taarab ilimpa zaidi, na ndiyo sababu mojawapo ya kutofautiana kwa mchezo huu pwani na bara. Hata hivyo pana mwanya. Jina refu la "Kasongo" lina maneno ya Kilingala yenye maana ya "mume wangu". Yaani nafsi inayolia katika wimbo ni ya mwanamke, ingawa koo ni ya mwanamume. Mwanamke aliyeachwa kijijini na mume aliyekwenda mjini angeweza kulikalia jina hilo bila ya kuligeuza.

7.0 Kutajwa na Kuwapo

Umuhimu wa mchezo huu kwa mahali kama Chekalini hauishii katika burudani. Skimu ya makazi ni mahali ambapo haki ya kuwapo hutegemea karatasi, na karatasi huweza kutiliwa shaka. Machafuko ya kikabila ya mwaka 1991 na 1992, na tena yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, yaliligusa eneo la mpaka wa Lugari na Turbo, na swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni likajibiwa kwa moto. Katika historia ya namna hiyo, mtu kusomwa hewani kwa jina lake na la mahali pake, katika lugha isiyo ya kabila moja, mbele ya nchi nzima, ni tendo lenye uzito. Salamu ilisema: huyu yupo, yuko hapa, na wapo wanaomjua.

Katika kitendawili mji hutolewa na aliyeshindwa. Katika salamu mji ulitolewa na kila mchezaji, mwanzoni kabisa, na haukuwa fidia bali beji. Jina la Chekalini lenyewe, bila ya kudai lolote kuhusu asili yake, husikika katika sikio la Kiswahili kama swali lenye mzaha na majonzi kwa pamoja. Likitamkwa kabla ya jina la wimbo, linaweza kuwa kiungo cha kwanza cha mnyororo.

Wala isidhaniwe kwamba salamu iliweza kuzuia machafuko. Haikuweza. Redio ile ile iliyosoma majina ya majirani kwa pamoja haikuwapatanisha walipogombana. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kwamba mchezo wa majina ulihifadhi mfano wa ugomvi wa namna nyingine: ugomvi ambamo jibu la jina ni jina, na anayeshindwa hubaki hai kutafuta wimbo wake wa kesho.

Mchezo haukufa pamoja na kadi. Baada ya utangazaji kufunguliwa kwa vituo vya binafsi katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, na baada ya simu ya mkononi kuenea, ujumbe mfupi ulichukua nafasi ya karatasi, na vikundi vya watuma salamu vikaendelea. Mwishoni mwa mwaka 2024 Wakenya walimpa Rais William Ruto jina la utani la Kasongo. Wengi wa waliolitumia hawakuwa wamezaliwa santuri ilipotoka, na Kilingala hawakijui. Lakini kanuni walizozifuata ni zile zile: jina lililong'olewa katika wimbo wake, likapelekwa kwa anwani mpya, likabaki na mlango wa kukana.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba jina la wimbo ni matini, na kwamba kulijibu jina kwa jina ni utanzu mdogo wenye ukoo wake katika kanga, taarab, kujibizana na vitendawili. Yapo matokeo mawili kwa taaluma. La kwanza ni la nadharia: mwingilianomatini katika fasihi ya Kiswahili usitafutwe katika vitabu na diwani peke yake, kwani wasikilizaji wa kawaida waliufanyia kazi kila wiki kwa gharama ya kadi moja.

La pili ni la ukusanyaji, nalo ni la haraka. Nyimbo zenyewe zimepata walinzi: ziko santuri, ziko kanda za redio, na zipo juhudi za kuzinakili upya. Neno "zilizopendwa", ambalo redio ililizoea kwa nyimbo hizo za zamani, linaeleza tendo la wapendaji bila ya kuwataja. Ni kitenzi cha kutendwa kisicho na watendaji. Watendaji hao ndio wanaotoweka. Kadi ni kitu cha kutumika mara moja, na mnyororo wa majina huishi katika kumbukumbu za waliousikia. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaopelekwa nyanjani kukusanya methali na ngano wapewe pia kazi ya kuwauliza wazee wa skimu za makazi swali moja: ulipoomba wimbo ule, ulikuwa unamwambia nani? Jibu la swali hilo halimo katika maneno ya wimbo, wala halitapatikana katika maktaba yoyote ya sauti. Limo kwa mwenye kadi, na umri wake unazidi kusonga.